Ukurasa wa Pili

Anayedhani ofisi ya vifo ni mahali pa huzuni hajawahi kukaa na Bi Muhuri. Dirisha la vizazi, la mkono wa kushoto, ndilo lililokuwa na ugomvi: baba anataka jina hili, shangazi anataka lile, na mwenye jina analia mgongoni. Dirisha la vifo lilikuwa mkono wa kulia, na hapo, ukiacha machozi ambayo hakuna mwenye akili angeyazuia, palikuwa na vicheko. Bi Muhuri alikuwa na kiti cha ziada, leso safi kwenye droo, na mdomo usiojua kupumzika. Mjane angeingia amejikunja, na baada ya dakika kumi ungemsikia akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma, na wote wawili wameshika mbavu.

Jina hilo la utani alilipata kwa haki. Kazi yake, kwa miaka thelathini na mmoja, ilikuwa kupokea fomu za vifo kutoka zahanati zote za wilaya, kuzisoma, na kuandika kwenye daftari kubwa kila mtu alikufa kwa sababu gani. Maradhi hayakuwa na shida. Daktari ameandika, naye ananakili. Sumu ndiyo iliyokuwa na mashauri. Mtu aliyekufa kwa sumu alipaswa kuwekwa katika kundi moja kati ya manne: ajali, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mkono wa mtu mwingine, au haikujulikana. Neno hilo la mwisho ni refu, na mkono wa Bi Muhuri ulipochoka kuliandika aliagiza muhuri wa mpira. Aliupiga kwa mlio mmoja safi uliosikika hadi dirisha la vizazi, na watoto waliokuwa wakilia kule walinyamaza kidogo kusikiliza.

Alikuwa pia na sifa nyingine aliyoipenda kuliko alivyokubali kusema. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kujaza hata fomu moja ya kujisahihisha. Makarani wengine walikuwa nazo chungu nzima kwenye majalada yao. Lake lilikuwa tupu, jembamba, na mwezi wa mwisho wa utumishi wake angepewa hati ya heshima kwa sababu hiyo. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea watu kwenye kibaraza cha nyumba yao, alikuwa amekwisha kutenga mahali ukutani. Alisema msumari tayari anao, imebaki hati tu.

Miezi minane kabla ya kustaafu kwake, dobi alifika dirishani.

Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imechakaa kwa sabuni, gauni limepigwa pasi likanyooka mpaka Bi Muhuri akaona aibu kwa blauzi yake. Alitoka ng'ambo ya reli. Kwa mtu wa mji ule maneno hayo yalitosha, lakini kwa msomaji lazima niongeze kidogo. Ng'ambo ya reli waliishi watu ambao babu zao waliletwa zamani kulima mashamba makubwa. Rangi yao ilikolea kuliko ya watu wa mjini, lafudhi yao ilikuwa nzito, na mjini waliendelea kuitwa wageni, ingawa makaburi yao yalikuwa yamekwisha kujaa na kuanzishwa mapya. Hakuna aliyewatukana. Walisahauliwa tu, kwa adabu.

Dobi hakuketi kwenye kiti cha ziada. Aliweka cheti mezani na kuweka kidole chini ya neno lililopigwa muhuri. Alisema hajui kusoma, ila mwanawe wa pili amemsomea neno hilo mara nyingi na bado halielewi.

"Nani hakujua?" aliuliza.

Bi Muhuri alitabasamu, kama ilivyokuwa desturi yake, akaeleza kwamba hiyo ni lugha ya ofisi tu, maana yake uchunguzi haukufika mwisho.

"Mimi najua," dobi alisema. "Mwanangu wa kwanza alikunywa dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda, stoo ya shamba, saa sita mchana, ana kiu. Mtunza stoo anaimimina kwenye chupa za soda kwa sababu pipa halina bomba. Kila mtu pale anajua. Hakuna aliyeniuliza, dada. Na sasa majirani wananong'ona alijiua, kwa sababu mngekuwa mnajua ni ajali mngeandika."

Bi Muhuri alianza kusema pole, lakini mwenzake hakuwa amemaliza. Pole aliipokea miaka miwili iliyopita, alisema. Leo alikuja kwa jambo lingine. Mwanawe wa pili alikuwa akifanya kazi shamba lile lile, stoo ile ile, na chupa za soda bado ziko rafu moja na maji ya kunywa. Dobi alikuwa amekwenda kwa msimamizi wa shamba, akaambiwa hakuna ajali yoyote iliyoandikwa. Alitaka iandikwe. Alitoa namba yake, akageuka, akaenda zake, na kile kiti kilibaki kitupu.

Siku hiyo muhuri haukusikika tena mpaka jioni.

Bi Muhuri alishuka chumba cha majalada na kuitoa fomu ya kijana yule. Fomu ya sumu ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulijazwa na zahanati: jina, umri, asili, sumu gani. Wa pili ulikuwa na maswali kumi na moja, na mganga alipaswa kwenda nao nyumbani kwa marehemu, akae na ndugu zake, aulize. Chupa ilikuwa ya nini? Nani aliiweka pale? Marehemu alikuwa amesema nini siku hiyo, alikuwa na mpango gani wa kesho? Kutokana na majibu hayo ndipo karani alijua aandike kundi lipi. Fomu ya kijana ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Aliangalia sakafuni, labda wa pili umeanguka. Akaitoa fomu nyingine ya ng'ambo ya reli, ukurasa mmoja. Nyingine, mmoja.

Kufikia saa tisa alikuwa ameketi sakafuni, viatu kando, fomu za miaka kumi zimemzunguka. Mjini watu waliokufa kwa sumu walikuwa hamsini na wawili, na wa kundi la haikujulikana walikuwa watatu tu. Ng'ambo ya reli walikuwa arobaini na mmoja. Wote arobaini na mmoja walikuwa na muhuri wake, wino wa zambarau, umenyooka, kazi safi ya mtu anayeipenda kazi yake.

Akakumbuka makabati. Wilaya ilikuwa na kanuni: mtaa ukihesabu ajali tatu za sumu kwa mwaka, hupelekewa makabati ya chuma yenye kufuli kwa ajili ya dawa za mashambani, na mtu wa kufundisha jinsi ya kuyatumia. Mjini walikuwa wamepelekewa miaka sita nyuma. Ng'ambo ya reli, kwa mujibu wa daftari lake, hakuna aliyewahi kufa kwa ajali ya sumu hata siku moja. Walikuwa watu salama kuliko wote wilayani, maskini wa Mungu.

Alikwenda kwa mtunza stoo wa karatasi, mzee mwenzake, akamuuliza kwa ukali kwa nini zahanati za ng'ambo hazipelekewi ukurasa wa pili. Alikuwa tayari kumgombeza mtu, na niseme ukweli, alikuwa anaitamani sana nafasi hiyo. Mzee alimtazama kwa mshangao. Akamkumbusha mwaka ule wa uhaba wa karatasi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Mkuu wa ofisi wa wakati huo aliwakusanya na kuuliza ni wapi wanaweza kupunguza kwa muda. Watu wote walinyamaza isipokuwa karani mmoja, mwenye bidii, aliyenyoosha mkono.

"Ulisema ng'ambo ya reli," mzee alisema kwa upole. "Ulisema wale hawapendi kuulizwa ulizwa. Tukakupigia makofi."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Bi Muhuri alirudi nyumbani kwa miguu, akala bila kusema neno, na mumewe, aliyezoea kusikiliza habari za ofisi kuanzia supu hadi kunawa mikono, alishuka kwenye cherehani akaja kumpima joto la kipaji. Alielezwa yote. Kisha akasema kwamba suruali ikiwa imekatwa vibaya na fundi mwenyewe, hakuna haja ya kumtafuta aliyeuza kitambaa. Inafumuliwa.

"Zipo arobaini na moja," mkewe alisema.

"Basi anza na moja."

Mkuu wa sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano aliyempenda Bi Muhuri kwa dhati na kumwita mama. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Alimshauri amwachie mrithi wake. Bi Muhuri alimkumbusha kanuni aliyoijua kuliko yeye: maandishi ya daftari la vifo husahihishwa na karani aliyeyaandika, kwa saini yake, akiwa bado kazini. Akishastaafu, limekwisha, neno linabaki lilivyo milele. Na kwa kila sahihisho hujazwa fomu inayotaja kosa lilikuwa la nani, na nakala huingia kwenye jalada la mkosaji.

"Mama yangu, hati yako ya heshima itapotea," mkuu alisema.

"Na yule kijana wa pili, akipatwa na kiu?"

Mkuu alifungua tena mlango. Alimruhusu siku za Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine watu wanaendelea kufa kama kawaida na foleni haingojei toba ya mtu.

Hivyo ndivyo Bi Muhuri alivyovuka reli, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye alikuwa amewaandika watu wa upande ule kwa miaka thelathini na hakuwahi kukanyaga huko. Jumamosi ya kwanza aliogopa, akamchukua mumewe. Mumewe alibeba mkoba wa nakala za ukurasa wa pili na kutembea nyuma yake akitazama mishono ya nguo zilizoanikwa. Walitazamwa kutoka milangoni. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama hao ni watu wa kupima viwanja, na mama yake akamjibu kwamba wapima viwanja huja na gari.

Alikuwa amejiandaa kukataliwa. Alikuwa na hotuba nzima kichwani ya kuwabembeleza watu wasiopenda kuulizwa. Hotuba haikuhitajika hata mara moja. Walileta viti. Waliwaita watoto wanyamaze. Waliyajibu maswali kumi na moja na kudai mengine. Mganga mmoja wa zahanati, aliyemsindikiza nyumba ya tatu, alikiri kwamba alijua majibu mengi miaka yote, ila hakuwa na mahali pa kuyaandika. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Hawakusema kitu juu ya kutouliza, labda waliona aibu kwa niaba yetu.

Kwa dobi alikwenda mapema. Aliketi nje, kwenye ndoo iliyopinduliwa, kati ya kamba za shuka za watu. Alimwuliza la chupa, la nani aliiweka, la nini alisema siku hiyo. Lilipofika swali la mpango wa kesho yake, dobi aliweka pasi ya mkaa juu ya kigae.

"Asubuhi ile aliniachia shati," alisema. "Shati jeupe, la harusi ya rafiki yake Jumamosi. Aliniambia nisiweke mkunjo kwenye mkono, vijana wa sasa hawataki mkunjo. Niambie wewe uliyesoma. Mtu anayetaka kufa ananyooshewa shati la Jumamosi?"

Bi Muhuri aliandika yote, pamoja na mkunjo. Alitaka kukiri kosa lake wakati huo huo. Mtu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe alilikosa hapo, mbele ya shuka kumi na mbili.

Si nyumba zote zilizotaka neno ajali. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alimkaribisha ndani, akafunga dirisha, akamweleza habari za binti yake pole pole, swali kwa swali. Bi Muhuri alipofika mwisho kalamu ilisita, kwa sababu majibu yalikuwa wazi, naye alimwonea huruma. Mzee aliona.

"Andika alivyofanya," alisema. "Miaka saba watu wananiuliza nasema haikujulikana, na mimi nimejua siku zote. Nimechoka kumficha mwanangu."

Jumamosi kumi na tisa zilipita. Familia tatu zilikuwa zimehama, hazikupatikana. Nyingine tatu zilijibu kila kitu na bado ukweli haukuonekana, na hizo sita Bi Muhuri aliziacha na muhuri wao, kwa sababu kutojulikana nako kuna siku ni kweli. Nane waliingia kundi la kwa mkono wao wenyewe. Ishirini na saba zilikuwa ajali, na kumi na moja kati ya hizo zilitokana na chupa ya soda.

Kisha alijaza fomu za kujisahihisha thelathini na tano. Kila moja ilitaka sababu ya kosa, na kila moja aliandika kwa mkono, hakutaka muhuri mwingine: familia haikuulizwa, kosa ni la karani. Jalada lake jembamba lilinenepa likawa halifungiki. Mtunza stoo wa karatasi alilifunga kwa kamba na kumwambia sasa ameajiriwa rasmi. Bi Muhuri alicheka mpaka akakaa chini, na alikuwa hajacheka hivyo miezi mitano.

Cheti kipya cha kijana wa shati kilipotoka, hakukituma. Alikwenda nacho mwenyewe, akakisoma kwa sauti kati ya kamba za nguo. Jina. Umri. Sumu ya wadudu. Ajali.

Dobi alimwambia alirudie neno la mwisho, akalirudia. Akaomba mara ya tatu. Kisha akaweka kidole chini kabisa, kwenye mstari mdogo wa pembeni.

"Na hapa?"

"Hapa panasema kulikuwa na kosa mwanzoni," Bi Muhuri alisema. "Kosa la karani."

"Karani gani?"

Angeweza kusema karani wa zamani. Mwanamke yule hakujua kusoma, na saini ilikuwa mbaya.

"Mimi, dada. Muhuri ni wangu. Na ukurasa wa maswali, mimi ndiye niliyesema msiletewe. Nilisema hampendi kuulizwa."

Maji ya shuka yalikuwa yakidondoka. Hatimaye dobi alisema kwamba miaka miwili amemlaani bure daktari wa zahanati, akidhani ndiye aliyekosea, na itabidi amwombe radhi. Akakikunja cheti, akakitia kifuani, akachukua pasi yake.

"Leo siwezi kukusamehe," alisema. "Nina nguo za watu. Njoo Jumamosi."

Bi Muhuri alikwenda Jumamosi. Dobi hakuligusa jambo lile. Alimpa shuka zikunjwe, wakakunja. Alikwenda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Alijifunza kunyoosha kola bila kuiunguza, akasikia habari za mtaa mzima, akasimulia za ofisi mpaka dobi alilazimika kuweka pasi chini kwa kicheko. Alistaafu katikati ya wiki moja, kwa maua na hotuba bila hati ya heshima, na mumewe akautumia ule msumari kutundikia mkasi. Jumamosi yake alikuwa ng'ambo ya reli kama kawaida. Lakini neno la msamaha halikutoka, naye hakuthubutu kuliomba. Kila alipovuka reli kurudi alijiambia labda Jumamosi ijayo.

Mwezi wa tatu baada ya kustaafu, saa saba mchana, wakiwa wameshika shuka moja kila mtu na pembe zake, kijana wa pili aliingia kutoka shambani akinung'unika. Makabati yameletwa, alisema, matatu, ya chuma, na mfundishaji mwenye filimbi. Sasa stoo imekuwa kama benki. Chupa za soda zote zimetupwa, ufunguo anao mtunza stoo, na mtu hawezi kushika hata ndoo bila kutia sahihi. Wamefundishwa tangu asubuhi mpaka miguu imekufa ganzi. Alijimiminia maji mtungini, akanywa bilauri mbili mfululizo bila kupumua, akaingia ndani kulala.

Dobi alibaki amesimama na pembe zake za shuka. Alikuwa akiitazama bilauri tupu mezani, na machozi yalikuwa yakimtoka huku akitabasamu, hakujisumbua kuyafuta.

"Dada," alisema, "nilikusamehe tangu Jumamosi ya pili."

Bi Muhuri aliuliza basi kwa nini hakumwambia miezi yote hiyo.

"Nilidhani nikikwambia hutakuja tena," dobi alisema. "Haya, vuta upande wako, shuka inaburuzika."